Mass Effect 3: Mashabiki walipoukataa mwisho wa mchezo na kutengeneza wa kwao

Machi 2012, ofisi za kampuni ya michezo ya video ya BioWare mjini Edmonton, Kanada, zilipokea mzigo usio wa kawaida. Zilikuwa keki ndogo ndogo zipatazo 400, zimepakwa krimu ya rangi tatu: nyekundu, buluu na kijani. Kwa macho ungedhani ni keki za aina tatu. Ukizionja, zote zilikuwa na ladha moja tu, ya vanila.

Waliozituma hawakuwa wakishukuru. Walikuwa wakilalamika. Mashabiki hao walichanga fedha ili wawaambie watengenezaji wa mchezo wa Mass Effect 3 kwamba wamewapa wachezaji miisho mitatu inayotofautiana kwa rangi tu. Kampuni ililielewa fumbo hilo. Keki zenyewe ilizipeleka kwenye makazi ya vijana wenye shida mjini humo.

Zaidi ya miaka kumi imepita na bado watu wanabishana kuhusu dakika zile za mwisho. Ubishi huo sasa si wa kumbukumbu tu. Mchezo mpya wa Mass Effect unatengenezwa, tamthilia ya televisheni inaandaliwa na Amazon, na Septemba 2025 kampuni mama ya BioWare, Electronic Arts (EA), ilitangaza kuwa imekubali kununuliwa kwa takriban dola bilioni 55 na kundi la wawekezaji wanaoongozwa na Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia. Wote hao watakutana na swali lililoulizwa na mashabiki mwaka 2012: hadithi ile iliishaje hasa, na nani ana haki ya kusema iliishaje?

Mchezo uliokumbuka kila uamuzi

Kwa asiyeufahamu, Mass Effect ni hadithi ya kubuni ya kisayansi iliyosimuliwa katika michezo mitatu. Wa kwanza ulitoka mwaka 2007, wa pili 2010 na wa tatu Machi 2012. Mchezaji anakuwa Kamanda Shepard, mwanajeshi wa karne ya 22, mwanamume au mwanamke kwa hiari yake mchezaji. Binadamu wamekwisha kugundua kuwa hawako peke yao katika galaksi. Jamii nyingi za viumbe zinaishi pamoja, lakini kila moja ina visasi vyake. Kisha linajitokeza tishio kubwa kuliko ugomvi wao wote: mashine zenye akili ziitwazo Reapers, yaani Wavunaji, ambazo kila baada ya miaka 50,000 hurudi na kuangamiza jamii zote zilizopiga hatua.

Kilichoutofautisha mchezo huu na mingine ni kwamba ulikumbuka. Maamuzi ya mchezaji katika mchezo wa kwanza yalihamishiwa wa pili, na ya wa pili yakahamishiwa wa tatu. Mwenzako uliyemwacha afe kwenye sayari ya Virmire hukumwona tena katika michezo iliyofuata. Wakrogan, jamii ya wapiganaji waliopandikizwa ugonjwa wa kuharibu uzazi wao, wangeweza kuponywa au kudanganywa, kutegemea wewe umeamua nini. Hata vita kati ya Waquarian na Geth, mashine walizoziunda wenyewe kisha zikawafukuza kwao, vingeweza kumalizwa kwa suluhu. Lakini suluhu hiyo aliipata yule tu aliyekuwa ameyapanga mambo vizuri tangu mchezo uliotangulia.

Mtu aliyeicheza michezo yote mitatu kwa utulivu alitumia saa nyingi, kwa wengine zaidi ya 100, akizungumza na wahusika, akiwasuluhisha na kuwazika. Kwa hiyo hakuwa msikilizaji wa kawaida. Alikuwa amekabidhiwa nusu ya kalamu.

Sisi tunaujua mkataba wa namna hiyo. Msimulizi akisema "Paukwa" husubiri aitikiwe "Pakawa." Asipoitikiwa, hadithi haianzi. Mass Effect uliwazoesha watu kuitikia kwa miaka mitano. Ulipofika mwisho, msimulizi aliendelea peke yake bila kusubiri mwitikio.

Kilichotokea katika dakika za mwisho

Katika mchezo wa tatu Wavunaji wameivamia Dunia. Shepard anazunguka galaksi akiomba msaada, na kila jeshi analolipata linaongezwa kwenye hesabu ya nguvu za kivita. Vita vya mwisho vinapiganwa London. Akiwa amejeruhiwa vibaya, Shepard anafika kwenye kituo kikubwa cha angani kiitwacho Citadel. Huko anakutana na kiumbe ambaye hajawahi kutambulishwa kabla, mwenye umbo la mtoto wa kiume, anayejieleza kuwa ndiye anayewaongoza Wavunaji.

Mtoto huyo anadai kuwa viumbe hai na mashine wanazoziunda hawawezi kuishi pamoja, na kwamba mavuno ya kila miaka 50,000 ndiyo dawa yake. Kisha anampa Shepard njia tatu: kuwaangamiza Wavunaji pamoja na mashine nyingine zote zenye akili, kuwatawala, au kuwaunganisha viumbe hai na mashine wawe kitu kimoja.

Ukichagua yoyote kati ya hizo, ulichokiona baadaye kilikuwa karibu kilekile. Mwanga mwekundu, wa buluu au wa kijani ulitanda angani. Mitambo mikubwa inayorusha vyombo kutoka nyota moja hadi nyingine ilivunjika. Chombo cha Shepard, Normandy, kilikimbia na kuanguka kwenye sayari isiyojulikana. Baada ya hapo yakaanza kupita majina ya watengenezaji.

Wahakiki wengi waliusifu mchezo kwa jumla na kuupa alama za juu. Wachezaji waliofika mwisho ndio waliokasirika. Tangu wakati huo imezoeleka kusemwa kwamba walitaka tu mwisho wa furaha. Hiyo si sawa kwa wengi wao. Malalamiko yao makubwa yalikuwa matatu, na yote yana msingi.

La kwanza ni ahadi. Kabla ya mchezo kutoka, mkurugenzi wake, Casey Hudson, alieleza katika mahojiano kwamba mwisho hautakuwa wa mtu kuulizana na mwenzake kama amepata A, B au C. Walichopata wachezaji kilikuwa hichohicho.

La pili ni mantiki. Mwaka 2011 nyongeza ya mchezo wa pili iitwayo Arrival ilionyesha mtambo mmoja wa kusafiria ukilipuka, na mlipuko huo ukaufuta mfumo mzima wa nyota pamoja na wakazi wake wapatao 300,000. Mwaka uliofuata mitambo yote ya galaksi inavunjika, na mchezo hausemi neno. Mchezaji makini alikuwa na sababu ya kudhani kwamba ameiua galaksi aliyokwenda kuiokoa. Zaidi ya hapo, aliyekuwa ametoka kuwapatanisha Waquarian na mashine zao hakupewa hata nafasi ya kumwambia yule mtoto kwamba hoja yake imekwisha kupingwa kwa vitendo.

La tatu ni hatima ya wahusika. Wenzako uliokuwa nao London walionekana ghafla wakishuka kutoka Normandy, mbali na vita. Walifikaje huko? Wakrogan walipona? Nani alibaki hai? Majibu hayakuwepo. Badala yake, majina yalipokwisha kupita, ujumbe ulijitokeza ukimwalika mchezaji aendelee kujenga sifa za Shepard kwa nyongeza za kupakua. Kwa mtu aliyetoka kumpoteza mhusika aliyeishi naye miaka mitano, ilikuwa kama kutangaziwa biashara matangani.

Mashabiki waliupokea mwisho huo kwa njia tatu. Wapo waliodai, wapo waliofafanua na wapo waliotengeneza. Kila njia ilikuwa na matokeo yake, na ni vyema kuzitazama moja moja.

Njia ya kwanza: kudai

Siku chache tu baada ya mchezo kutoka, ilianzishwa kampeni iliyojiita Retake Mass Effect, kwa maana ya kuurudisha mchezo mikononi mwa wachezaji. Ili kuonyesha kuwa si watu wa matusi, walioiongoza waliamua kuchangisha fedha kwa ajili ya Child's Play, shirika linalopeleka michezo na vifaa vya kuchezea kwa watoto waliolazwa hospitalini. Zilipatikana zaidi ya dola 80,000.

Hata hivyo, wema huo uliingia mashaka. Baadhi ya wachangiaji walidhani wanailipa kampuni ibadilishe mwisho, na wakawa wanauliza kiasi gani kinahitajika. Shirika lilitaka uchangishaji ufungwe, kwa kuwa halikutaka jina lake litumike kama silaha ya kumshinikiza mtu.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mchezaji mmoja aliwasilisha malalamiko kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani akidai kuwa matangazo ya mchezo yalikuwa ya uongo. Mfanyakazi wa Better Business Bureau, taasisi inayofuatilia malalamiko ya wateja nchini humo, aliandika kwamba ukiyasoma maneno ya matangazo hayo jinsi yalivyo, hoja hiyo si ya kupuuzwa.

Machi 21, 2012, mmoja wa waanzilishi wa BioWare, Ray Muzyka, aliandika barua ya wazi. Alikiri kwamba maumivu ya mashabiki yamewagusa watengenezaji, akautetea uhuru wao wa kisanaa, na akaahidi kwamba ufafanuzi utatolewa. Aprili 5 kampuni ilitangaza nyongeza ya bure iitwayo Extended Cut, nayo ikatoka Juni 26 mwaka huohuo.

Nyongeza hiyo haikuubadilisha mwisho. Iliufafanua. Ilionyesha jinsi wenzake Shepard walivyookolewa London. Ilionyesha mitambo ya kusafiria ikiharibika bila kuteketeza kila kitu. Iliongeza picha na maelezo ya maisha ya jamii mbalimbali baada ya vita, kulingana na maamuzi ya mchezaji. Pia iliongeza njia ya nne: kukataa. Shepard sasa aliweza kumwambia yule mtoto kuwa hachagui chochote.

Lakini aliyekataa aliadhibiwa. Wavunaji walishinda, na kila mtu aliyemfahamu aliangamia. Ushindi ulikuja kwa kizazi kingine cha mbali, kilichofaidika na kumbukumbu zilizoachwa na Liara, mwenzake Shepard. Wapo mashabiki waliouona mwisho huo kuwa wa heshima kuliko yote. Wengine waliusoma kama jibu la kampuni kwao: mlitaka kukataa, basi kataeni muone.

Kwa kipimo cha malengo, njia ya kudai ilifanikiwa kwa sehemu kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2021 michezo yote mitatu ilipotolewa upya kwa jina la Legendary Edition, maelezo yale ya nyongeza yaliingizwa moja kwa moja. Anayeununua mchezo huo leo kwa toleo hilo hauoni mwisho wa Machi 2012 kama ulivyokuwa. Malalamiko ya wateja yaliifuta rasmi nakala ya kwanza.

Njia hiyo ilikuwa na gharama pia. Hata kabla ya mchezo kutoka, mwandishi mmoja wa kike wa BioWare alikuwa amekwisha kuandamwa kwa matusi na vitisho mtandaoni. Baada ya mwisho kuonekana, hasira zilielekezwa kwa waandishi waliotajwa kwa majina, kana kwamba hadithi iliyotengenezwa na mamia ya watu, kwa bajeti na tarehe zilizopangwa na wakubwa, ni kosa la mtu mmoja aliyeketi mbele ya kompyuta. Mstari kati ya mteja anayedai alichoahidiwa na kundi la watu linalomwinda mfanyakazi ulivukwa mara nyingi, na waliouvuka walijiita mashabiki.

Njia ya pili: kufafanua

Wakati wengine wakidai, wengine walirudi kwenye mchezo na kuutazama upya kama mpelelezi anavyorudi eneo la tukio. Kutokana na hapo ikazaliwa nadharia iliyojulikana kwa jina la Indoctrination, yaani kutekwa akili.

Katika hadithi yenyewe Wavunaji wana uwezo wa kuiteka akili ya yeyote anayekaa karibu nao kwa muda mrefu. Mtu huanza kusikia minong'ono na kuona vivuli, na mwishowe hutenda wanavyotaka wao huku akidhani anaamua mwenyewe. Mashabiki wakauliza: je, kama Shepard naye ametekwa? Je, kama kila kitu kilichofuata baada ya kupigwa na ule mwale mjini London kilikuwa ndoto?

Walikusanya ushahidi. Mtoto anayeonekana mwishoni ana sura ya mtoto aliyekufa mwanzoni mwa mchezo, ambaye hakuna mtu mwingine aliyeonekana kumjali wala kumsemesha. Ndoto za Shepard zimejaa vivuli na minong'ono. Na ukichagua kuwaangamiza Wavunaji ukiwa na nguvu za kutosha za kivita, kinaonyeshwa kifua cha mwanajeshi kikivuta pumzi katikati ya kifusi. Ikiwa Shepard alikuwa kwenye kituo cha angani kilicholipuka, kifusi hicho kinatoka wapi? Kwa wafuasi wa nadharia hii jibu lilikuwa rahisi: Shepard hakuwahi kutoka London. Njia mbili kati ya tatu zilikuwa mtego, na aliyechagua kuangamiza ndiye aliyeamka.

BioWare haikuwahi kuithibitisha nadharia hiyo. Nyongeza ya Juni 2012 iliyachukulia matukio yote ya Citadel kuwa ya kweli, na kwa wengi hilo liliufunga mjadala. Lakini thamani ya nadharia hii haikuwa katika kubahatisha nia ya waandishi. Ilikuwa ni jaribio la wasikilizaji kuunusuru mwisho kwa kutumia vitu vilivyokwisha kuwemo ndani ya hadithi. Hawakuongeza neno hata moja. Walibadilisha maana ya yaliyopo, na wengi wakakiri kwamba maana hiyo mpya ilikuwa nzuri kuliko ya awali.

Udhaifu wake ni kwamba inahitaji uthibitisho wa mwenye mchezo. Aliyeiamini alibaki akisubiri tangazo kwamba mwisho wa kweli unakuja. Halikuja.

Njia ya tatu: kutengeneza

Kundi la tatu halikusubiri. Wachezaji wa kompyuta wenye ujuzi wa programu walianza kuzifungua faili za mchezo na kuzipanga upya. Kazi za aina hii huitwa modi: ni faili ambazo mchezaji huziongeza kwenye nakala yake ili kubadilisha kinachotokea.

Modi iliyopata umaarufu mkubwa ilijulikana kwa kifupi kama MEHEM, na lengo lake ni kumpatia Shepard mwisho wa furaha. Ilimwondoa kabisa yule mtoto. Silaha iliyojengwa na galaksi nzima inafyatuliwa, Wavunaji wanaangamia, mashine rafiki zinapona, na Normandy inamchukua Shepard akiwa hai. Mchezo rasmi una tukio la maombolezo ambapo wenzake wanaliweka jina la Shepard kwenye ukuta wa kumbukumbu. Katika modi hiyo Shepard mwenyewe yupo, akiomboleza wengine.

Wabunifu hao hawakuwa na studio wala waigizaji. Walitumia sauti na picha zilizokuwemo tayari, wakazikata na kuziunga, kama fundi anayeshona nguo mpya kwa vitambaa vya nguo kuukuu. Ilipotoka Legendary Edition, mashabiki waliianza kazi upya wakatengeneza modi za mwisho wa furaha kwa toleo hilo pia.

Wengine waligundua kuwa kampuni yenyewe ilikuwa imewapa nyenzo bila kukusudia. Machi 2013, mwaka mmoja baada ya ghasia, BioWare ilitoa nyongeza iitwayo Citadel. Ndani yake Shepard na wenzake wanafanya sherehe, wanataniana na kuagana. Kwa mpangilio rasmi, sherehe hiyo inatokea kabla ya vita vya mwisho. Mashabiki walitengeneza modi inayoihamishia baada ya vita, ili waliopona wakutane wakiwa wameshinda. Tukio ni lilelile, maneno ni yaleyale, lakini kwa kuhamishwa mahali tu linageuka kutoka kuaga kabla ya kifo na kuwa karamu ya ushindi.

Njia hii haikumlazimisha mtu yeyote kufanya lolote. Anayeupenda mwisho wa BioWare anabaki nao. Asiyeupenda anaweka modi. Hakuna mwandishi aliyetishwa, na hakuna nakala ya kwanza iliyofutwa.

Ina mipaka yake, hata hivyo. Ni ya wenye kompyuta. Aliyenunua mchezo kwa ajili ya PlayStation au Xbox aliachwa nje. Tena kazi yote hufanyika kwa hisani ya mwenye mali. Kampuni nyingi za michezo huzivumilia modi zisizouzwa, lakini uvumilivu si haki, na mwenye hakimiliki akibadili nia, mtengenezaji wa modi hana pa kushika.

Si jambo jipya

Kuukataa mwisho wa mwandishi hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1681 Nahum Tate aliandika upya King Lear ya Shakespeare, akamwacha mfalme hai na kumwoza binti yake Cordelia. Toleo hilo ndilo lililotawala majukwaa ya Uingereza kwa takriban karne moja na nusu. Charles Dickens aliubadilisha mwisho wa Great Expectations kabla ya kuuchapisha, baada ya rafiki yake mwandishi Edward Bulwer-Lytton kumshauri kuwa ule wa kwanza ni wa huzuni mno. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, akaandamwa na wasomaji, na mwaka 1903 akamfufua.

Hata katika michezo ya video BioWare haikuwa ya kwanza. Fallout 3 ya kampuni ya Bethesda ilitoka mwaka 2008 na mwisho wa kumfunga mchezaji: hadithi ikiisha, mchezo umekwisha. Wachezaji walilalamika, na mwaka 2009 nyongeza ya kuuzwa iitwayo Broken Steel iliuondoa mwisho huo na kuwaruhusu waendelee.

Tofauti ya Mass Effect ni kwamba wasomaji wa Conan Doyle hawakuwahi kuambiwa kwamba Holmes ni wao. Wachezaji wa Shepard waliambiwa hivyo kila siku, na matangazo na mchezo wenyewe. Ndiyo maana hoja ya uhuru wa msanii, ambayo ni ya haki, haikutosha kuwatuliza. Msanii aliyekugawia kalamu hawezi kuinyakua katika ukurasa wa mwisho kisha akashangaa kwa nini unalalamika.

Haki hiyo ya kulalamika, hata hivyo, haimfanyi mchezaji kuwa mwajiri wa mwandishi. Kilichovunjwa ni ahadi ya kampuni kwa mteja. Dawa ya ahadi iliyovunjwa ni kurekebisha, kurudisha fedha au kutonunua tena. Matusi hayamo.

Sasa nini kitafuata?

BioWare yenyewe imeukimbia mwisho ule kwa muda mrefu. Mwaka 2017 ilitoa Mass Effect: Andromeda, ambayo wahusika wake waliondoka kwenda galaksi nyingine kabla ya matukio ya mchezo wa tatu. Kwa hila hiyo waandishi hawakulazimika kusema kama Wavunaji waliangamizwa, walitawaliwa au waliunganishwa na viumbe hai.

Safari hii mlango huo unaelekea kufungwa. Desemba 2020 kampuni ilionyesha picha za kwanza za mchezo mpya, na ndani yake alikuwemo Liara, akiokota kipande cha vazi la kijeshi lenye alama ya N7, ambayo ni alama ya Shepard. Kuhusu tamthilia ya Amazon, imeelezwa kuwa itasimulia kipindi cha baada ya michezo mitatu ya kwanza. Kwa maneno mengine, zote mbili zinaelekea upande ule ambao Andromeda iliukwepa. Huwezi kuonyesha galaksi baada ya vita bila kusema vita viliishaje. Mwanga ulikuwa wa rangi gani? Mwenye jibu rasmi atawakosea wale waliochagua rangi nyingine.

Jibu hilo litatolewa na kampuni iliyopungua. Januari 2025 BioWare ilipunguza wafanyakazi wake na kubakiza timu ndogo ya kuushughulikia mchezo huo. Litatolewa pia chini ya wamiliki wanaotarajia faida kubwa kutokana na fedha walizoweka. Si rahisi kwa mazingira hayo kuzaa ujasiri wa kumuudhi mnunuzi, na si rahisi pia kuyaamini yakisema kwamba kila uamuzi wa mchezaji utaheshimiwa.

Upande wa mashabiki nao una maswali mapya. Watengenezaji wa modi za mwanzo walikata na kuunga maneno ambayo waigizaji Jennifer Hale na Mark Meer, waliotoa sauti za Shepard wa kike na wa kiume, waliyatamka kweli. Leo programu za akili mnemba zinaweza kutoa sauti inayofanana na ya mwigizaji ikisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Waigizaji wa michezo ya video nchini Marekani waligoma kuanzia Julai 2024 hadi katikati ya 2025 kwa sababu ya hofu ya aina hiyo, ingawa wao walikuwa wakizilenga kampuni. Shabiki anayetaka mwisho bora anaweza sasa kumfanyia mwigizaji kosa lilelile ambalo mwigizaji huyo aligoma kuzuia lisifanywe na wakubwa.

Bado, ukitazama nyuma, ni modi zilizodumu. Kampeni ilikwisha ilipopata ilichokipata. Nadharia ilipoa ilipokosa uthibitisho. Modi zinaendelea kupakuliwa na watu ambao mwaka 2012 walikuwa watoto na hawakuhusika na ugomvi wowote. Wamezikuta kama mtu anavyoikuta hadithi yenye masimulizi mawili, akachagua lile linalomfaa.

Mchezo mpya wa Mass Effect haujatangaziwa tarehe ya kutoka. Utakapotoka, BioWare itachagua mwisho mmoja na kuutambua kuwa wa kweli, au itatafuta njia nyingine ya kukwepa. Vyovyote itakavyokuwa, kuna wachezaji ambao Shepard wao amekwisha kurudi nyumbani, na hakuna tangazo la kampuni litakalomrudisha kwenye kifusi.